Paji Lisilokunjika
Sehemu ya tano

Sindano bado iko hewani. Najua, najua. Wiki nzima mmekuwa mnaulizana ni nani kaingia mlangoni, na wengine mmeniita mchawi kwa kukatia pale. Haya, leo naishusha.

Kwa wewe unayeingia leo: Mwalimu wa kwaya, miaka hamsini na sita, yuko kwenye kiti cha kliniki, kile kinacholala kama cha daktari wa meno. Kaja kwa siri kuchomwa sindano za kuondoa makunyanzi. Mume hajui. Kwaya haijui. Kaja na miwani ya jua ya binti yake, mtandio mpaka puani, na kwenye fomu kaandika jina la dada yake.

Nani kamfikisha hapo? Video. Kwaya yake ilirekodiwa, ikatazamwa kuliko hata wao wenyewe walivyotegemea, na watu badala ya kusifia sauti, wakaona paji lake. "Huyo bibi wa kinanda kanuna kama kaumwa na siafu." Komenti mia mbili na kitu. Kazisoma zote. Mara mbili. Halafu Mwenyekiti wa kwaya akamvuta pembeni, akamwambia kwa upole kabisa: "Mwalimu, safari ijayo kamera tutaiweka upande mwingine. Kwa ajili yako."

Kwa ajili yako!

Basi mlango ukafunguka. Daktari akasema, "Karibu Nesi, lete barafu," na Mwalimu akageuza shingo.

Aliyeshika trei alikuwa ni mtu wa kwaya yake.

Tena si mtu wa mstari wa nyuma. Ni yule dada anayeongoza sauti ya kwanza. Yule ambaye miezi minne iliyopita Mwalimu alimsimamisha mbele ya wenzake, akamfungia wiki sita asiimbe, kisa kabandika kope za bandia. "Hapa tunaimba na nyuso tulizozaliwa nazo!" Ndivyo alivyomfokea. Watu thelathini na wawili walikuwepo na wote walisikia.

Mwalimu alijua dada yule ni nesi. Alichokuwa hajui ni kwamba kahama hospitali kubwa, kaja hapa, mwezi uliopita tu.

Trei ikatikisika. Barafu zikagongana.

"Mnafahamiana?" daktari akauliza.

"Hapana," Mwalimu akasema haraka.

Nesi akamwangalia. Sekunde moja. Mbili.

"Hapana, Daktari," akasema. "Mama huyu sijawahi kumwona."

Jamani. Mnaona? Kafunikwa aibu na mtu yuleyule ambaye yeye mwenyewe alimvua nguo hadharani. Mwalimu alitamani ardhi ipasuke immeze, ila kiti kilikuwa kimemshika vizuri.

"Kazi yako mama?" daktari akaendelea, sindano mkononi. "Nauliza kwa sababu kuna watu uso ndiyo kitendea kazi chao. Waigizaji, watangazaji, walimu..."

"Nipo tu nyumbani."

Trei ikatikisika tena.

"Sawa. Nikichoma kidogo, uso unabaki unasogea, makunyanzi yanapungua tu. Nikichoma paji lote na hapa katikati ya nyusi, linatulia kabisa. Miezi mitatu, minne. Na ikishaingia hakuna kuitoa, ni kusubiri iishe yenyewe. Mimi ningekushauri tuanze na kidogo."

"Lote."

"Hata usipochoma kabisa mama, mbona uso wako hauna tatizo? Umri tu huu. Nenda nyumbani kafikirie, urudi wiki ijayo."

"Nimesema lote. Wiki ijayo mimi sirudi hapa."

Nesi akainama kumwekea barafu. Mdomo wake ukawa karibu kabisa na sikio la Mwalimu.

"Mwalimu," akanong'ona. "Paji hili usi..."

"Nyamaza." Mwalimu alisema bila kufungua meno. "Sina mazungumzo na wewe."

"Ni kuhusu kwaya, Mwalimu, naomba unisik..."

"Wee, nyamaza!"

Nesi akanyamaza.

Sindano ikashuka. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mwalimu alihesabu mpaka kumi na tano, machozi yanamlenga, na maumivu ndiyo yalikuwa sababu ndogo kabisa ya machozi yale.

*

Hiyo ilikuwa Jumanne. Mashindano ya kwaya yalikuwa Jumapili.

Daktari alimwonya: kwa muda wa saa nne usilale, paji usilisugue, na usitegemee kuona kitu kabla ya siku ya tatu. Basi Mwalimu akakaa wima kwenye kochi jioni nzima kama mtu anayesubiri kuitwa kwenye usaili. Mume akamwambia, "Egemea basi, hilo kochi ni letu." Akakataa.

Alhamisi mazoezini, hakuna jipya. Paji likakunjika kama kawaida, kwaya ikaimba kama kawaida. Nesi alikuwa mstari wa mbele, macho chini. Mwalimu hakumwangalia hata mara moja.

Jumamosi asubuhi akaingia bafuni, akawasha taa, akanyanyua nyusi.

Hazikunyanyuka.

Akakunja uso kwa nguvu zote. Wapi! Paji limetulia tuli, laini, linang'aa kama sahani iliyooshwa sasa hivi. Mwalimu akacheka peke yake. Akajipiga picha. Akageuka upande, akajipiga nyingine. Picha ishirini na tatu, na zote nzuri.

Mlango ukagongwa.

"Mama watoto! Toka mara moja."

Mumewe ni fundi redio, mtu mpole, hagongi mlango hivyo. Mwalimu akafungua.

"Wamenipigia simu. Dada yangu kalazwa. Kaanguka jikoni, nyonga imevunjika."

Moyo wa Mwalimu ukapasuka. Huyu ni wifi yake kipenzi, aliyemlelea watoto wote wawili. "Yesu wangu! Lini? Yuko hospitali gani?"

Mume alikuwa anamtazama tu usoni.

"Mbona hushtuki?"

"Nimeshtuka!"

"Hujashtuka. Nakuona. Nakwambia dada yangu kavunjika nyonga, unaniangalia kama nimekwambia umeme umerudi."

"Baba watoto, roho inanidunda, shika hapa uone."

Hakushika.

"Wiki hii yote unajifungia na simu bafuni. Unacheka mwenyewe. Uso unang'aa sijui umepaka nini. Mimi si mtoto. Niambie tu ukweli. Ni nani?"

"Nani nini?"

"Huyo unayejirembea."

Hapo ndugu zangu, palikuwa mahali pa kusema. Maneno manne tu. Nimechoma sindano za uso. Mzee angefoka, angenuna mpaka jioni, yangeisha.

Lakini ukiwa mwanamke uliyewahubiria watu thelathini na wawili kuhusu nyuso walizozaliwa nazo, maneno manne hayapiti kooni.

"Krimu," akasema. "Ni krimu tu."

Mzee akatikisa kichwa, akachukua kofia yake, akaenda hospitali kumwona dada yake peke yake. Na hakurudi kulala.

*

Jumapili. Ukumbi umejaa mpaka kwenye ngazi. Kwaya tisa, yao ni ya sita. Sare za zambarau zimepigwa pasi, viatu vinang'aa, na Mwenyekiti kavaa tai mpya, anazunguka huku na huku kama bwana harusi.

Mwalimu akakaa kwenye kinanda. Kwaya hii haina wa kusimama mbele na kupunga mikono. Mikono yake yote miwili iko kwenye kinanda, na waimbaji wanaingia kwa kuhesabu mapigo. Ndivyo alivyowafundisha. Miaka kumi na tisa anawaimbia wimbo huohuo: "Hesabuni! Hesabuni! Msinisubiri mimi!"

Akaanza. Kinanda peke yake, mapigo kumi na sita. Kumi na nne. Kumi na tano. Kumi na sita.

Kimya.

Sauti ya kwanza hawakuingia. Mwalimu akadhani wamebabaika, akazunguka tena mwanzo. Mapigo kumi na sita mengine. Waimbaji thelathini na wawili wamemkodolea macho, wengine midomo iko wazi tayari, na hakuna anayetoa sauti.

"Ingieni," akanong'ona.

Besi wakaingia! Besi, ambao zamu yao ni ubeti wa pili! Sauti ya pili wakawafuata kwa huruma. Sauti ya tatu wakaimba neno moja, wakajuta. Ukumbini mtu mmoja akacheka, halafu wakawa wengi, halafu simu zikapanda juu, zote zinarekodi.

Jaji wa katikati akagonga meza. "Kwaya, anzeni upya. Kwa utulivu."

Wakaanza upya. Kumi na sita. Kimya kilekile.

Jaji akavua miwani. "Ahsanteni. Kwaya inayofuata."

Nyuma ya jukwaa Mwenyekiti alikuwa anafoka. "Nani kaharibu? Nataka jina!"

"Sauti ya kwanza hao," besi mmoja akasema. "Sisi tulijaribu kuokoa jahazi."

"Kuokoa nini? Mmeimba ubeti wa pili!"

"Si bora sisi tumeimba!"

Wote wakageuka kumtazama Nesi. "Wewe ndiye kiongozi wao," Mwenyekiti akamwambia. "Wenzako wanakusikiliza wewe. Kwa nini hukuingia?"

Nesi akamwangalia Mwalimu. Akainamisha kichwa.

"Sina la kusema."

Mwalimu akaenda chooni. Si kwamba alibanwa. Alikimbia. Kule akamkuta Shangazi, mama wa sauti ya pili, mkubwa kuliko wote kwaya nzima, ananawa uso.

"Mwalimu," Shangazi akasema, "mbona leo hukutunyanyulia?"

"Kuwanyanyulia nini?"

"Nyusi."

"Nyusi gani, Shangazi?"

"Hizo zako! Ukinyanyua ya kushoto, sauti ya kwanza wanaingia. Ya kulia, besi. Ukikunja paji tunashusha sauti. Ukikaza hapo katikati, tunakata. Miaka yote si ndivyo? Ndiyo maana wanakuitaga Mataa."

"Mataa?"

"Ya barabarani." Shangazi akaona kapitiliza. "Kwa mapenzi lakini."

"Shangazi, mimi nimewafundisha kuhesabu! Miaka kumi na tisa!"

Shangazi akacheka kwa upendo, kama unavyomcheka mtoto. "Nani anahesabu, Mwalimu? Mimi hayo mapigo hata sijui yanaanzia wapi. Tunakuangalia wewe. Leo nimekuangalia, nimeona ukuta. Uliamka unaumwa?"

Mwalimu akajiona kwenye kioo cha chooni. Paji tuli. Zuri. Limekufa.

Akakumbuka barafu. Akakumbuka mdomo karibu na sikio. *Ni kuhusu kwaya, Mwalimu, naomba unisikilize.*

Alikuwa anamwonya! Na yeye kamwambia nyamaza!

Nje sauti ya Mwenyekiti ilikuwa inapaa: kikao Jumatano, kwaya nzima, barua, Nesi aondoke. Hatua kumi tu kutoka chooni mpaka pale. Mwalimu akafungua bomba, akanawa mikono. Akanawa tena. Akanawa mara ya tatu, mikono haina hata vumbi.

Alipotoka Mwenyekiti akamuuliza, "Mwalimu, unaungana nasi kwamba Nesi ndiye katuangusha?"

Nesi yuko hapohapo, mkoba mkononi, anasikia.

"Tutaangalia," Mwalimu akasema.

Tutaangalia! Mimi mwenyewe nilipofika hapa nilitaka kuizima simu niache kuandika.

*

Jumatano, saa kumi alasiri. Chumba cha mazoezi. Mabenchi yamesogezwa, kinanda kimefunikwa kitambaa, ubaoni bado kuna maneno ya ule wimbo. Kwaya nzima imekuja. Kwa mazoezi huwa wanachelewa nusu saa. Kwa kumtoa mtu, saa kumi kasoro walishakaa.

Siku ya tano hiyo Mzee yuko kwa dada yake hospitali. Simu anapokea, anasema "yupo anaendelea," anakata.

Mwenyekiti akasoma barua kwa sauti ya redio. Uzembe. Kuidhalilisha kwaya. Aondolewe moja kwa moja. Akamaliza, akatazama juu ya miwani.

"Nesi, una la kujitetea?"

"Kuna jambo ninalijua," Nesi akasema. "Ila kazi yangu hainiruhusu kulisema."

Benchi la nyuma likaangua kicheko. "Kazi! Sindano na kuimba wapi na wapi dada?"

Mwalimu akaguna kama kachomwa yeye. Hakuna aliyemsikia.

"Mwalimu, sahihi yako." Mwenyekiti akamsogezea barua na kalamu.

Akashika kalamu. Fikiria na wewe msomaji. Akiandika jina, kwisha. Nesi anaondoka na siri yake, miezi mitatu inapita, nyusi zinarudi kazini, hakuna anayejua. Asipoandika, kabla hajafika nyumbani mtaa mzima utajua, na Mzee atayasikia kwa watu.

Akaandika herufi ya kwanza. Akaandika ya pili.

Nesi hakulia wala hakumwangalia kwa ubaya. Alikuwa kakaa, mikono katikati ya magoti, anasubiri imalizike, kama anavyomsubiri mgonjwa amalize kutapika.

Kalamu ikasimama.

"Ni mimi," Mwalimu akasema.

"Ni wewe nini?"

"Niliyewaangusha. Nilikwenda kliniki anayofanya kazi huyu. Nimechoma sindano za makunyanzi hapa, na hapa, na hapa. Nyusi zangu hazipandi. Nesi alitaka kunionya nikamfukuza kama mbwa. Halafu mmemlaumu na mimi nikanyamaza."

Mwenyekiti akavua miwani yake.

Halafu Shangazi akapiga makofi. "Jamani, Mwalimu ana moyo! Mnaona anavyojitwika mzigo wa mtoto wa watu?"

"Nasema kweli, Shangazi!"

"Utu huo," besi mmoja akadakia. "Anamkinga."

"Simkingi! Nimechoma kweli!"

"Mwalimu," Mwenyekiti akasema taratibu, "mtu akiwa na aibu anajulikana. Wewe hapo hata uso haujabadilika. Unaongea kama unasoma matangazo."

Lo! Hapo ndipo alipoyaona matunda ya zile sindano. Ndani anaungua. Masikio yanawaka moto, kwapa zimelowa. Ameileta aibu yake yote mbele yao, na uso umegoma kuipokea.

"Niambieni nikunje uso," akasema.

Wakatazamana.

"Niambieni!"

"Haya, kunja," Shangazi akasema.

Akakunja. Masikio ndiyo yaliyosogea.

"Nyanyua nyusi."

"Nimenyanyua."

"Bado."

"Ndiyo nimenyanyua, Shangazi! Hapa ndiyo mwisho!"

Kijana mmoja wa sauti ya tatu akacheka puani. Mwenzake akamfuata. Benchi zima likaanza kutikisika, wengine wanaumana vidole wasicheke, na wanashindwa.

Halafu machozi yakaanza kushuka. Kwenye uso ule uliotulia, usio na habari na mtu, machozi yanashuka tu mpaka kidevuni, kama mtu mwingine kayamwaga pale.

Kicheko kikafa kimoja kimoja.

"Kumbe kweli," Shangazi akasema.

"Kweli."

"Na huyu mtoto ulimfungia wiki sita kwa kope."

"Nilimfungia."

"Mbele yetu sote."

"Mbele yenu. Na nikaenda kujificha na jina la dada yangu. Nilisoma komenti, Shangazi. Niliitwa bibi wa kinanda. Nikaona bora uso ufe kuliko nichekwe."

"Si bibi kweli lakini?" Shangazi akasema. "Mimi nina wajukuu sita, mbona naitwa na naitika?"

Hakuna aliyecheka. Mwalimu akaivuta barua, akakata jina la Nesi kwa mstari mmoja. "Andika langu hapa juu," akamwambia Mwenyekiti. "Mimi ndiye ninayeondoka."

"Usikate, Mwalimu."

Nesi alikuwa kasimama. Kwa mara ya kwanza tangu Jumapili sauti yake ilitoka yote.

"Nilikuwa nahesabu," akasema.

"Unasema?"

"Jumapili. Nilijua nyusi hazitapanda, kwa hiyo nikahesabu. Kumi na nne, kumi na tano, kumi na sita. Nilijua pa kuingia. Mara ya kwanza nilijua, na mara ya pili nilijua. Ningefungua mdomo wote wangenifuata." Akamgeukia Mwalimu. "Nilifunga makusudi."

Yesu na Maria! Chumba kikalipuka. "Toka nje!" "Nyoka huyu!" "Tumechekwa mji mzima!" Shangazi kavua kiatu, na sijui alitaka kukifanya nini. Benchi limeanguka. Mwenyekiti anapiga kelele za utaratibu, na hakuna anayemsikia.

Mwalimu akavuta kitambaa, akakipiga kinanda kwa viganja vyote viwili.

Kishindo. Kimya.

Kwa mazoea ya miaka kumi na tisa wote wakatazama paji lake wajue kama kakasirika. Paji halikuwapa kitu. Ikabidi wasubiri aseme kwa mdomo kama watu wengine.

"Nesi. Rudia. Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilifunga mdomo maku..."

"Kabla ya hapo."

"Nilikuwa nahesabu."

"Kuhesabu nimefundisha watu thelathini na wawili," Mwalimu akasema. Sauti ilikuwa inatetemeka na hakuificha. "Miaka kumi na tisa nalia hesabuni, hesabuni. Kumbe kaelewa mmoja, na ndiye niliyemwambia anyamaze. Njoo mbele. Kuanzia leo, wa kuwaingiza hawa ni wewe."

Watu midomo wazi.

Nesi hakusogea.

"Hunichukii?"

"Nianzie wapi kukuchukia, mwanangu? Niliyokufanyia mimi nayajua."

"Unadhani nilikuwa nalipiza kisasi."

"Ungelipiza ningekuelewa."

"Sikulipiza, Mwalimu." Nesi alikuwa analia sasa, na uso wake ulikunjika wote, kila mkunjo mahali pake. "Zile wiki sita nilishazimaliza moyoni. Jumapili niliambiwa ninyamaze jukwaani. Niliambiwa ukianguka wewe, mimi nitalindwa. Halafu nikaja kuona jina langu kwenye barua."

"Nani alikwambia?"

Nesi aligeuza tu macho, taratibu, kwenye meza ya mbele.

Mwenyekiti alikuwa ameshaanza kukusanya karatasi zake.